Bayume Mohamed Husen

Bayume Mohamed Husen (Dar es Salaam, 22 Februari 1904 – Sachsenhausen, Ujerumani, 24 Novemba 1944) alikuwa askari mtoto wa jeshi la kikoloni la Kijerumani, mhudumu wa meli na hoteli, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, na mwigizaji wa filamu. Kati ya miaka 1934 na 1941 alionekana katika filamu za Kijerumani zisizopungua 23. Mara nyingi alikuwa mmoja wa watu wanaopita nyuma ya wahusika wakuu, na mara chache alipewa maneno ya kusema. Ni mmoja wa watu wa kwanza waliozaliwa katika nchi inayoitwa leo Tanzania kupata riziki kwa kuigiza mbele ya kamera.

Kwenye filamu alivalishwa mara kwa mara sare ya askari mwaminifu wa Mjerumani. Nje ya filamu, serikali ya Ujerumani ilikataa kumlipa mshahara wake wa vita, ilikataa kumpa nishani ya askari, na mwishowe ilimfunga bila kesi katika kambi ya mateso, alikofia.

Jina

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed. Alipohamia Ujerumani alianza kutumia jina la Bayume Mohamed Husen. Katika maandishi ya Kijerumani huitwa pia Mohamed Husen au Majub, kwa sababu maofisa waliandika majina ya Kiafrika na ya Kiarabu kama walivyoyasikia. Msomaji anayetafuta habari zake anapaswa kukumbuka kwamba majina yote haya ni ya mtu mmoja.

Utoto

Husen alizaliwa Dar es Salaam, wakati huo makao makuu ya koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Baba yake alikuwa Msudani aliyetumikia jeshi la Kijerumani na kufikia cheo cha efendi, ambacho ni cheo cha juu kabisa ambacho mtu mweusi aliweza kukipata katika jeshi hilo.

Kuwepo kwa Wasudani katika jeshi hilo kulianza mwaka 1889. Hermann von Wissmann alipotumwa kupambana na Abushiri na watu wa pwani, aliajiri askari mjini Kairo, wengi wao Wasudani waliowahi kutumikia jeshi la Misri. Jeshi alilolianzisha liligeuzwa baadaye kuwa jeshi la koloni, kwa Kijerumani Schutztruppe. Askari wake walikaa katika maboma yaliyotapakaa nchi nzima, kuanzia Bagamoyo na Lindi hadi Tabora, Mwanza na Bukoba. Katika eneo linaloitwa leo Mkoa wa Mara walikuwa na vituo Shirati, kando ya Ziwa Viktoria, na Ikoma, ambako mabaki ya ngome yao yapo katika Wilaya ya Serengeti. Askari hao ndio waliotumiwa kuzima vita ya Maji Maji ya miaka 1905–1907. Kwa hiyo neno "askari" lilibeba heshima kwa wachache na hofu kwa wengi.

Akiwa mtoto Husen alijifunza Kijerumani, na kabla ya vita alifanya kazi ya ukarani katika kiwanda cha nguo huko Lindi. Ujuzi huo wa lugha ulimfuata maisha yake yote. Ndio uliomwezesha baadaye kusema maneno katika filamu.

Vita Kuu ya Kwanza

Vita ilipoanza mwaka 1914, Husen na baba yake waliingia jeshini. Mtoto alikuwa na umri wa miaka 10. Aliwekwa katika kikosi cha ishara, kama mwanafunzi wa kazi ya kupeleka habari. Jeshi hilo liliongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, aliyewakwepa Waingereza na washirika wao kwa miaka minne.

Mnamo Oktoba 1917 yalitokea mapigano makali ya Mahiwa, bara ya Lindi. Husen alijeruhiwa hapo na kuchukuliwa mateka na Waingereza. Alikuwa na miaka 13. Vita ya Afrika ya Mashariki ilikwisha Novemba 1918, Lettow-Vorbeck aliposalimu amri huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala nchini Zambia. Kwa mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake yote, na sehemu kubwa ya koloni hili ikawa Tanganyika chini ya Uingereza. Askari wengi waliachwa bila kulipwa mishahara ya miezi ya mwisho ya vita.

Safari ya Berlin

Baada ya vita Husen alifanya kazi ya uhudumu melini, na kuanzia katikati ya miaka ya 1920 alitumikia kampuni ya meli ya Kijerumani. Mwaka 1929 alifika Berlin. Nia yake ilikuwa kudai mshahara wake na wa baba yake uliokuwa haujalipwa tangu vita. Wizara ya Mambo ya Nje ilimjibu kwamba dai limechelewa na haliwezi kupokelewa.

Husen hakurudi nyumbani. Alipata kazi ya uhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe kwenye uwanja wa Potsdamer Platz. Jumba hilo lilikuwa na kumbi nyingi za kulia, na kila ukumbi ulipambwa ufanane na nchi au mahali fulani duniani. Wahudumu nao walivaa mavazi ya kuendana na mapambo. Hivyo hata kabla ya filamu, sura yake na mavazi aliyovalishwa vilikuwa sehemu ya kile ambacho wateja walilipia.

Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner, mwanamke Mjerumani. Siku tatu baadaye, tarehe 30 Januari, Adolf Hitler aliteuliwa kuwa chansela wa Ujerumani. Ndoa yao ilijaliwa mtoto wa kiume na wa kike.

Mwalimu wa Kiswahili

Pamoja na kazi ya uhudumu, Husen alisaidia kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za nchi za mashariki mjini Berlin. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1887 ili kuandaa maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliokwenda ng'ambo. Mwalimu wa sarufi alikuwa profesa Mjerumani. Mwenyeji wa lugha aliajiriwa kuwazoeza wanafunzi matamshi na mazungumzo, kwa ujira mdogo.

Husen hakuwa wa kwanza katika kazi hiyo. Maarufu zaidi kati ya waliomtangulia ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefika Berlin mwaka 1900 na ambaye maandishi yake ndiyo msingi wa kitabu Desturi za Wasuaheli. Mtoro pia alioa mwanamke Mjerumani. Alipojaribu kurudi Afrika ya Mashariki pamoja na mkewe mwaka 1905, serikali ya koloni ilikataa mama huyo ashuke melini, na wote wawili wakalazimika kurudi Ujerumani. Kisa hicho kinaonyesha kwamba mashaka ya serikali ya Ujerumani kuhusu ndoa za namna hiyo yalikuwepo muda mrefu kabla ya Wanazi.

Kwa nini filamu zilihitaji Waafrika

Baada ya mwaka 1919 Ujerumani haikuwa tena na koloni hata moja, lakini vyama vya watu waliotaka makoloni yarudishwe vilikuwa na nguvu. Hoja yao moja ilikuwa kwamba Waafrika walimpenda mtawala Mjerumani na wangefurahi akirudi. Ushahidi waliopenda kuutoa ni ule wa askari waliobaki na Lettow-Vorbeck hadi mwisho. Picha ya "askari mwaminifu" ilichorwa katika vitabu, ikasimuliwa katika mikutano, na baadaye ikawekwa kwenye filamu. Husen mwenyewe alishiriki mikutano ya vyama hivyo akiwa amevaa sare ya askari.

Picha hiyo iliacha mambo mengi nje. Haikutaja Maji Maji wala wapagazi waliokufa kwa maelfu katika vita. Haikutaja askari waliotoroka wala mishahara isiyolipwa.

Filamu za vituko vya Afrika zilitengenezwa zaidi katika studio za Ulaya. Hivyo watengenezaji walihitaji watu weusi waliokuwa wakiishi Ujerumani tayari, na hao walikuwa wachache. Mtu mweusi aliyejua Kijerumani vizuri na kujua amri za kijeshi alikuwa wa thamani kwao. Wakati huohuo sheria na chuki za Wanazi zilikuwa zikiwafungia Waafrika kazi nyingine. Husen alipoteza kazi yake Haus Vaterland mwaka 1935. Kuanzia hapo uigizaji haukuwa tena nyongeza tu ya kipato, kwa sababu ulikuwa miongoni mwa milango michache iliyobaki wazi.

Filamu zake

Filamu iliyomwingiza katika kazi hiyo ni Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, maana yake "Wapanda farasi wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani", ya mwaka 1934. Iliongozwa na Herbert Selpin na ilihusu walowezi Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Husen, aliyekuwa askari mtoto wa vita hiyo kweli, aliajiriwa kuigiza vita aliyojeruhiwa ndani yake.

Katika filamu zilizofuata alipewa nafasi ndogondogo. Kwa jumla, nafasi walizopewa Waafrika katika filamu za Kijerumani za miaka hiyo zilikuwa za aina chache:

* askari anayepokea amri au kushika bendera;
* mtumishi wa nyumbani, mpagazi au kiongozi wa njia;
* mhudumu wa hoteli, baa au meli;
* mtu wa kundi la "wenyeji" linalopita, linaloshangilia au linalopigana.

Mwigizaji wa namna hii mara nyingi hakutajwa jina mwishoni mwa filamu. Ndiyo sababu orodha ya kazi za Husen ilibidi itafutwe baadaye katika hati za studio na kwa kuangalia filamu zenyewe, sura moja baada ya nyingine. Idadi ya filamu 23 inahesabu zile zilizotambuliwa tu.

Nafasi yake kubwa zaidi, na ya mwisho, ilikuwa katika filamu Carl Peters, iliyoongozwa tena na Selpin na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Machi 1941. Mhusika mkuu aliigizwa na Hans Albers, mmoja wa waigizaji waliopendwa kuliko wote Ujerumani. Husen aliigiza Ramasan, Mwafrika anayemwongoza na kumsaidia Peters. Jina hilo ni Ramadhani lililoandikwa kwa tahajia ya Kijerumani.

Carl Peters wa kweli ndiye aliyepita Usagara, Uzigua, Unguu na Ukami mwaka 1884 akiwatia sahihi machifu katika mikataba iliyofungua njia ya ukoloni wa Kijerumani. Watu wa Afrika ya Mashariki walimpa jina la Mkono wa Damu. Alipokuwa mtawala eneo la Kilimanjaro aliamuru kunyongwa kwa mtumishi wake Mabruk na msichana aliyeitwa Jagodja. Habari hizo zilipofika bungeni Berlin zilileta kelele kubwa, na mwaka 1897 alifukuzwa katika utumishi wa serikali. Filamu ya mwaka 1941 iligeuza hadithi. Peters alionyeshwa kama shujaa aliyesalitiwa na wanasiasa na Wayahudi, na mauaji yake yalipewa sababu za kuyahalalisha. Kazi ya Ramasan katika hadithi hiyo ni kuwa Mwafrika anayemwamini. Nafasi yenye maneno mengi kuliko zote katika maisha ya Husen ilitumika kumsafisha mtu huyo.

Studio za Wanazi hazikuwa salama hata kwa waliozitumikia. Selpin mwenyewe alikamatwa mwaka 1942 kwa sababu ya maneno aliyoyasema dhidi ya jeshi alipokuwa akitengeneza filamu nyingine, akakutwa amekufa katika mahabusu.

Maisha chini ya sheria za ubaguzi

Mwaka 1934 Ujerumani ilianzisha Msalaba wa Heshima kwa waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Husen aliomba apewe, akakataliwa. Mwaka 1935 zilitungwa sheria za Nuremberg zilizokataza ndoa na mahusiano kati ya Wajerumani na Wayahudi. Baada ya muda mfupi makatazo hayo yalipanuliwa yawahusu pia watu weusi na Waroma. Waafrika wengi kutoka makoloni ya zamani walikuwa wamenyang'anywa pasi zao za Kijerumani na kupewa pasi za wageni. Kwa hiyo mtu aliyeigiza kama mtetezi wa bendera ya Ujerumani hakuhesabiwa kuwa raia wa Ujerumani.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Husen aliomba kuingia jeshini. Ombi hilo nalo lilikataliwa. Aliendelea kufundisha Kiswahili hadi mwaka 1941.

Kukamatwa na kifo

Katika kipindi cha utengenezaji wa Carl Peters, Husen alikuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani. Alishtakiwa kwa polisi ya siri ya dola, Gestapo, akakamatwa mwaka 1941 kwa kosa lililoitwa "kutia rangi aibu", yaani kuchafua damu ya Kijerumani. Hakupelekwa mahakamani. Gestapo walikuwa na uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila hukumu wala muda maalumu, na kwa njia hiyo alipelekwa kambi ya Sachsenhausen karibu na Oranienburg, kaskazini mwa Berlin, miezi michache tu baada ya filamu yake kubwa kuanza kuonyeshwa katika majumba ya sinema.

Zaidi ya watu 200,000 walifungwa Sachsenhausen kati ya 1936 na 1945. Njaa, kazi ngumu, magonjwa na mauaji viliwamaliza makumi ya maelfu. Husen alivumilia huko miaka mitatu. Alikufa tarehe 24 Novemba 1944 akiwa na umri wa miaka 40. Kambi ilikombolewa mwezi Aprili 1945.

Wengine waliopita njia kama yake

Hali ya Husen haikuwa ya pekee katika sinema ya nusu ya kwanza ya karne ya 20. Louis Brody, aliyezaliwa Duala nchini Kamerun mwaka 1892, aliigiza Ujerumani tangu enzi za filamu bubu na alionekana pia katika Carl Peters. Yeye alinusurika na kufariki Berlin mwaka 1951. Nchini Uingereza, Jomo Kenyatta alipokuwa mwanafunzi London alipata kazi ndogo ya kuigiza katika Sanders of the River ya mwaka 1935, filamu iliyousifu utawala wa Kiingereza Afrika. Nyota wake, Mmarekani mweusi Paul Robeson, aliijutia baadaye. Huko Hollywood, Mjapani Sessue Hayakawa alipata umaarufu mwaka 1915 kwa nafasi ya mtu mwovu katika The Cheat. Mwaka 1918 alianzisha kampuni yake mwenyewe ili aweze kuchagua nafasi nyingine.

Tofauti kati yao ni uwezo wa kukataa. Hayakawa alikuwa na fedha na jina. Robeson alikuwa na nchi nyingine na majukwaa mengine. Kenyatta alikuwa na siasa iliyomsubiri nyumbani. Husen hakuwa na pasi ya maana wala mshahara wa kutegemea, na aliyempa kazi ya kuigiza alikuwa dola ileile iliyomfungia kazi nyingine.

Malipo ya askari

Dai lililompeleka Husen Berlin mwaka 1929 lilikuja kutekelezwa kwa wengine miaka 35 baadaye. Mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow-Vorbeck, Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, na ni wachache tu waliokuwa na vyeti vya utumishi. Basi kila asiye na cheti alipewa ufagio badala ya bunduki na kuamriwa kwa Kijerumani afanye mazoezi ya silaha, na hakuna aliyeshindwa. Husen, aliyezijua amri hizo tangu utotoni, alikuwa amekwisha kufa miaka 20.

Kumbukumbu

Kwa miongo kadhaa jina la Husen halikujulikana sana, Ujerumani wala Tanzania. Mwaka 2007 mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani. Mwaka huohuo liliwekwa jiwe la kumbukumbu mbele ya nyumba namba 193 ya barabara ya Brunnenstraße mjini Berlin, alikokuwa akiishi. Ni moja ya mawe madogo yenye bamba la shaba, kila upande sentimita 10, yanayopachikwa njiani mbele ya makazi ya watu walioteswa na Wanazi. Wajerumani huyaita "mawe ya kujikwaa", kwa sababu mpita njia hulazimika kusimama na kuinama ili asome jina.

Mwaka 2013 mwongozaji Eva Knopf alitoa filamu ya hali halisi Majubs Reise, "Safari ya Majub". Filamu hiyo inakusanya vipande vya filamu za zamani ambamo Husen anapita nyuma ya waigizaji wakuu, na kumfanya yeye kuwa mhusika mkuu.

Mwaka 2020 Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alichapisha riwaya Afterlives. Mmoja wa wahusika wake, Ilyas, anajiunga na askari wa Kijerumani, anahamia Ujerumani baada ya vita na kufia Sachsenhausen. Ilyas ni mtu wa kubuni, lakini njia yake inafanana sana na ile ya kijana wa Dar es Salaam aliyekwenda kudai mshahara wake.